Magitaa Mawili Badala ya Piano

KILA mara wanafunzi wa Tarasaa, upande wa Garsen, wanaposimama wima kuuimba wimbo wa taifa, huwa wanaimba wimbo wa nyumbani kwao. Mahadhi ya "Ee Mungu Nguvu Yetu" yalitoka kwa akina mama wa Kipokomo wa Mto Tana, waliobembeleza watoto kwayo. Mzee Meza Morowa Galana aliyafikisha kwa tume ya mwaka 1963, iliyokuwa na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Akina mama wenyewe hawamo katika orodha hiyo, na mimi naliona hilo kuwa deni.

Tume ilikuwa na kibarua kigumu. Sauti moja ya mama, isiyo na chombo, iligeuzwa ikawa ya kwaya na bendi, na bado Mpokomo akiisikia anaitambua. Wanamuziki huita kazi hiyo kupanga muziki.

Kazi iyo hiyo inamkabili kijana anayependa muziki wa piano wa Ulaya lakini nyumbani ana gitaa tu. Piano ni ghali, haibebeki, na unyevu wa pwani huiharibu. Gitaa hutundikwa ukutani.

Tuanze na hesabu. Piano ina vitufe 88. Gitaa la nyuzi sita lenye vichuma 19 shingoni hutoa sauti 44, yaani nusu kamili. Mpiga piano ana vidole kumi. Mpiga gitaa hudonoa kwa vinne. Ndiyo maana watu wawili wanahitajika, mmoja ashike mahadhi na mwingine besi. Sisi tuliokulia kwenye solo na ridhim hatuoni ajabu.

Chukua "Gymnopédie" ya kwanza ya Erik Satie, Mfaransa, ya mwaka 1888. Ni ya polepole na haina fujo. Mkono wa kushoto hupiga besi, kisha sauti kadhaa kwa pamoja. Wa kulia huimba juu. Besi yake hushuka hadi D, chini kuliko gitaa linavyofika, basi gitaa la pili hulegeza uzi wa sita kutoka E hadi D.

Mtego uko kwa gitaa la kwanza. Gitaa husikika oktava moja chini ya noti zilizoandikwa. Ukinakili mkono wa kulia ulivyo, mahadhi yatashuka yakae palepale zilipo sauti za katikati za mwenzako, na yatazama. Noti zote zitakuwa sahihi, na wimbo hautasikika! Dawa ni kupanda: mahadhi yaanzie kichuma cha 14 cha uzi wa kwanza, kisha cha 17. Vidole vitalalamika.

Tungo nyingine hudai kuhamishwa ufunguo. "Asturias" ya Mhispania Isaac Albéniz iliandikwa kwa piano katika G maina. Wapiga gitaa huipiga katika E maina, wapate nyuzi zinazolia wazi. Leo wengi hudhani ilitungwa kwa gitaa. Ida Presti na mumewe Alexandre Lagoya, aliyezaliwa Alexandria, Misri, walipiga kazi za piano za Debussy na Granados kwa magitaa mawili hadi Presti alipofariki mwaka 1967.

Kuna kitu ambacho gitaa halitaweza. Piano ina pedali ya kuacha sauti zielee. Uzi wa gitaa hufifia upesi. Kwa hiyo noti ndefu hukatwa au hurudiwa, na sauti zilizojirudia katikati huondolewa. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa huruma: hawataki kuacha hata noti moja.

Mkimaliza, mwiteni mtu wa nyumbani asiyejua noti. Pigeni mara moja, kisha mwombeni aimbe alichosikia. Akiimba besi, rudini mpunguze.