Ampli za zamani: lampe ikikosekana, mafundi wanageuza nyaya ili kuweka nyingine

Ampli ya gitare iliyotengenezwa mwaka 1965 inaweza kuwa bado na sanduku lake, transfo zake na sauti yake. Kinachokufa kwanza ni lampe za mwisho, zile kubwa za kioo zinazosukuma bafle. Kuna aina za lampe hizo ambazo viwanda viliziacha zamani, na nyingine zinapatikana kwa shida na kwa bei ambayo mwanamuziki wa kawaida haiwezi. Ndipo mafundi wa Ulaya na Marekani wanapofungua ampli, wanageuza nyaya chini ya soketi na kuipa lampe ya aina nyingine. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, ampli inaendelea kupigwa miaka mingi. Ikifanywa vibaya, inaunguza transfo isiyopatikana tena dukani, na inaweza hata kumuua fundi.

Kwa sisi Wakongomani, habari hii haiko mbali kama inavyoonekana. Gitare ya umeme iliingia Léopoldville mwaka 1953 mikononi mwa Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga jazz aliyekuja kufanya kazi kwenye studio ya CEFA. Miaka mitatu nyuma yake, mwaka 1956, OK Jazz ya Franco ikazaliwa. Ampli za wakati ule zilikuwa za lampe. Transista ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa Marekani tangu mwaka 1947, lakini ilikuwa haijafika jukwaani. Kwa hiyo rumba ya umeme, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwezi Desemba 2021, ilikua ndani ya lampe. Wazee wetu wanakumbuka pia poste za nyumbani: unafungua, unangoja ipate moto, ndipo inaanza kusema.

Ule moto ndio siri yenyewe. Ndani ya kioo kuna uzi mwembamba wa tungsteni, madini yanayotoka kwenye wolframite, mawe ambayo wachimbaji wa Kivu na Maniema wanayajua vizuri. Uzi unapasha joto katodi, katodi inatoa elektroni, na elektroni zinaruka hadi anodi yenye volti 400 au zaidi. Katikati kuna gridi, kama mlango: sauti ya gitare inafika pale, inafungua na kufunga, na mkondo mkubwa unaufuata mkondo mdogo.

Marshall yenyewe ilizaliwa kwa kubadili lampe

Wapo wapenzi wa ampli wanaosema kugusa kazi ya kiwanda ni kuharibu. Historia haiwasaidii sana. Mwaka 1962, mjini London, duka la Jim Marshall lilianza kutengeneza ampli kwa kufuata mpango wa Fender Bassman ya Marekani. Zile za kwanza zilitumia lampe ya Kimarekani 5881, ambayo ni ndugu mwenye nguvu wa 6L6. Lampe za Marekani zilikuwa ghali Uingereza, basi wakahamia KT66 ya Kiingereza, na kabla ya miaka ya 1960 kuisha wakahamia EL34, iliyokuwa ikitengenezwa kwa wingi Ulaya. Sauti ambayo dunia inaiita sauti ya Marshall ilitokana kwa sehemu kubwa na hesabu ya dukani: lampe gani inapatikana hapa, na kwa bei gani.

Halafu mambo yakageuka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, Marshall nyingi zilizopelekwa Marekani zilifungwa lampe 6550, kwa sababu EL34 zilikuwa zikiharibika mno na kurudishwa na wateja. Leo wenye ampli hizo wanawapelekea mafundi ili wazirudishe kwenye EL34. Katika miaka ya 1990 zikaja lampe za Kirusi, zenye jina la 5881, ndani ya JCM900. Kampuni moja, lampe nne au tano tofauti, na kila mara fundi wa kiwanda alibadili vitu vichache tu.

Kwa nini Urusi? Viwanda vya Marekani, Uingereza na Uholanzi vilifunga kazi ya lampe kimoja baada ya kingine katika miaka ya 1970 na 1980. Umoja wa Kisovieti haukuacha. Rubani Viktor Belenko alipotoroka na MiG-25 yake na kutua Hakodate, Japani, Septemba 1976, wataalamu walioifungua ndege walikuta vifaa vyake bado vinatumia lampe. Leo lampe nyingi za ampli duniani zinatoka nchi tatu: Urusi, kwenye kiwanda cha mji wa Saratov, Slovakia, kwa kampuni ya JJ katika mji wa Čadca, na China. Machi 2022, wiki chache baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia kuuza nje vifaa vingi vya elektroniki, lampe zikiwemo. Baadaye lampe zilianza kutoka tena, ila bei zilikuwa zimepanda. Ndiyo maana swali la kuweka lampe nyingine limerudi mezani kwa mafundi kwa nguvu.

Si kuchomeka tu

EL34, 6L6, 6550 na 6V6 zote zina kitako kimoja cha pini nane. Lampe inaingia bila kulazimishwa, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu kufanana kwa kitako hakumaanishi kufanana kwa nyaya.

Chukua 7591, lampe iliyotumiwa na Ampeg, Fisher na Scott katika miaka ya 1960. Ilitoweka viwandani kwa miaka mingi kabla Warusi hawajaanza kuitengeneza upya. Katika miaka ile ya ukame, mafundi wengi wa Marekani walizigeuza Ampeg zipokee 6L6. Kwenye 7591, pini ya 5 ni katodi na gridi iko pini ya 6. Kwenye 6L6, pini ya 5 ndiyo gridi, na katodi iko pini ya 8. Ukichomeka 6L6 bila kugusa waya, gridi yake inakaa mahali pa katodi na lampe haina namna ya kufanya kazi. Lazima soketi ilehemiwe upya. Halafu 6L6 inataka volti hasi zaidi kwenye gridi na sauti kubwa zaidi ya kuisukuma, kwa hiyo hata rezistansi za upande ule zinabadilishwa.

Kutoka 6L6 kwenda EL34 kuna mtego mwingine. Pini ya 1 ya 6L6 haina kazi, na Fender waliitumia kama mahali pa kufungia rezistansi. Kwenye EL34 pini hiyohiyo ni gridi ya tatu, inayotakiwa kuungana na katodi. Fundi anahamisha rezistansi, kisha anaunganisha pini ya 1 na ya 8 kwa kipande kifupi cha waya. Kazi ya dakika chache, lakini asiyeijua hataiona.

Kinachofuata ni joto, na hapa ndipo transfo nyingi zinafia. Uzi wa 6V6 unakula ampea 0.45. Wa 6L6 unakula 0.9, wa EL34 1.5, na wa 6550 unafika 1.6. Fender Deluxe Reverb ina 6V6 mbili, yaani ampea 0.9 kwa jumla. Ukiweka 6L6 mbili unadai 1.8. Ukiweka EL34 mbili unadai 3, zaidi ya mara tatu ya kile ambacho transfo ile ilipangiwa kwa lampe hizo. Haitakufa siku ileile. Itapata moto polepole, jioni baada ya jioni, mpaka inuke. Kwenda upande wa pili, kutoka lampe nzito hadi nyepesi, transfo inapumzika, ila lampe nyepesi huenda isivumilie volti zilizomo.

Mwisho ni ile volti hasi ya gridi, inayoamua lampe ipitishe mkondo kiasi gani ikiwa gitare imenyamaza. Katika Marshall kubwa, EL34 inataka karibu volti 40 hasi, na 6550 inataka karibu 55. EL34 ikiwekwa kwenye mpango wa 6550 inapoa mno: sauti inakuwa nyembamba na yenye kukwaruza. 6550 ikiwekwa kwenye mpango wa EL34 inapitisha mkondo kupita kiasi, na bamba la ndani linawaka jekundu kama mkaa. Mafundi wengi hupima na kukaa karibu asilimia 70 ya mzigo ambao lampe inaruhusiwa. EL34 ina kikomo cha wati 25. Asilimia 70 yake ni wati 17.5, na kwa volti 450 hiyo ni miliampea 39 kwa kila lampe. Anayefanya kazi hii bila multimeta anabahatisha kwa mali ya mtu.

Na kwa roho yake pia. Kondansateri za ampli ya lampe zinaweza kushika volti 400 au 500 hata baada ya waya kutolewa ukutani. Mafundi wenye akili huzimwaga kwanza kupitia rezistansi, wanapima kuhakikisha zimebaki karibu na sifuri, na ikibidi kupima ampli ikiwa hai wanatumia mkono mmoja, mwingine mfukoni. Pia hawaiwashi ampli bila bafle, maana transfo ya mwisho inaweza kuungua.

Kwa asiyetaka kuguswa nyaya kuna njia ya kati: kitako cha kuchomekwa juu ya soketi, kama kile cha Yellow Jackets kilichoanzishwa na kampuni ya Kimarekani THD, kinachoiwezesha ampli ya 6L6 au EL34 kupokea EL84 ndogo. Nguvu inapungua, na sauti inabadilika. Lakini siku mwenyewe akiipata lampe ya asili, anakichomoa tu. Kwa ampli ya thamani ambayo haijawahi kufunguliwa, hii ni njia ya busara kuliko chuma cha kulehemu.

Pale ambapo chuma hakikwepeki, mafundi waangalifu hawatupi kitu. Rezistansi na vipande vya waya vilivyotolewa vinaingia kwenye bahasha inayobaki ndani ya sanduku. Karibu na soketi wanabandika karatasi yenye jina la lampe mpya, tarehe na volti zilizopimwa, ili fundi atakayefungua ampli ile miaka 20 baadaye asisome jina la zamani lililochapishwa na kiwanda na kuchomeka lampe isiyo yake.