Lugha ya Miliampea: Mipaka ya Kipimo katika Kichanganuzi cha Maji

Anayefungua mfereji katika mkahawa wa River Road aghalabu hajiulizi ni kwa njia gani maji yale yamethibitishwa kuwa salama. Maji ya bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, husafishwa Ng'ethu kabla ya kuteremshwa Gigiri na kuingia jijini. Yale ya bwawa la Ruiru husafishwa Kabete, magharibi mwa Nairobi. Katika mitambo ya aina hii, kichanganuzi huweza kupima klorini au utusitusi wa maji usiku na mchana. Matokeo yake huyapeleka mbali kwa mkondo wa umeme, na anayeyapokea hana budi kuyafasiri.

Lugha hiyo ina mipaka miwili: miliampea 4 na miliampea 20. Maana ya mipaka hiyo huwekwa na fundi. Akiamua kwamba 4 ni miligramu 0 za klorini kwa lita na 20 ni miligramu 2, basi miligramu 1 itatoa miliampea 12. Mbona mkondo usianzie sufuri? Kwa sababu waya uliokatika pia hutoa sufuri, na kimya cha waya ulioguguniwa na panya kingesomwa kama habari. Miliampea 4 ni sawa na mtu anayeitika "naam" hata kama hana la kueleza.

Hatari kubwa hutokea pande mbili zisipokubaliana. Tuseme kichanganuzi kimepangwa 0 hadi 2, ilhali kidhibiti cha pampu ya klorini kimeachwa 0 hadi 5. Maji yenye miligramu 0.4 yatatoa miliampea 7.2. Kidhibiti kitaisoma kuwa miligramu 1.0, na huenda kikapunguza dawa wakati ambapo ilipaswa kuongezwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau miligramu 0.5 baada ya dakika 30 za kuchanganyika. Hakuna kengele itakayolia, maana 7.2 ni mkondo halali kabisa. Katika jiji lililopatwa na kipindupindu mwaka 2015 na 2017, kosa kama hilo si dogo.

Upana nao huhitaji busara. Mipaka iliyo karibu huonyesha mabadiliko madogo, lakini mvua za masika zikileta tope, mkondo hukwama kwenye 20 na mchoro ukanyooka kana kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo maji yanayoingia mtamboni hustahili mipaka mipana kuliko yaliyokwisha kuchujwa. (Wapo wanaouita upana huu "masafa", neno ambalo tayari limetwishwa mawimbi ya redio; "mipaka ya kipimo" ni refu ila halipotoshi.)

Uhakiki wenyewe hauna gharama kubwa. Vichanganuzi vingi huruhusu mkondo ushikiliwe kwenye 4, 12 na 20, kisha fundi akasome upande wa pili. Kidhibiti kikipokea volti badala ya mkondo, rezista ya omu 250 huhitajika. Asiyeipata katika maduka ya River Road na Luthuli huunganisha ya 100 na ya 150 kwa mfuatano: miliampea 4 zitatoa volti 1, na 20 zitatoa volti 5. Mipaka iliyochaguliwa huandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme, pamoja na tarehe.