Ubongo Unaozeeka na Protini za Damu

Protini ndizo zinazofanya karibu kazi zote za seli, na kila protini ni mnyororo wa asidi amino ambao hauna budi kujikunja katika umbo lake maalumu ndipo ufae kwa kazi. Umbo hilo likiharibika, minyororo huweza kunatana na kuganda, mithili ya ute wa yai uliokwishapata moto, ambao haurudi tena kuwa majimaji. Seli ya ngozi ikichakaa hupata mrithi, lakini seli nyingi za neva hazigawanyiki, hivyo mtu huzeeka nazo pamoja na taka zinazolundikana ndani na kandokando yake.

Taka hizo ndizo alizozieleza daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906, baada ya kutia rangi yenye madini ya fedha kwenye vipande vya ubongo wa marehemu, akaona mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Mabonge hayo ni ya amiloidi beta, protini iliyotengwa mwaka 1984 tu, na nyuzi ni za protini iitwayo tau. Katika ugonjwa wa Parkinson kinachoganda ni alfa-sinuklini. Kwa miongo mingi, basi, uhakika wa ugonjwa ulipatikana mochwari, wakati ambapo haukumfaa tena mgonjwa.

Ili protini zitambuliwe mtu angali hai, sampuli, kwa mfano ya damu, hutiwa kimeng'enya cha tripsini, ambacho hukata mnyororo panapokuwa na asidi amino za lisini au arginini, kisha vipande hupewa chaji ya umeme na kuingizwa katika spektrometa ya tungamo, mashine inayovipima uzito kwa usahihi wa kutosha kujua vimetoka katika protini ipi. Awali molekuli kubwa namna hii zilisambaratika kabla ya kupimwa, hadi John Fenn na Koichi Tanaka walipobuni njia za kuzipa chaji zikiwa nzima, wakatunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2002. Hata hivyo damu ina ukaidi wake: albumini peke yake huchukua zaidi ya nusu ya protini za plazma, yaani majimaji ya damu, na kuisaka tau humo ni sawa na kusaka punje ya ulezi katika ghala la mahindi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliopima protini 2,925 katika plazma ya watu 4,263, kwa njia nyingine isiyotumia spektrometa, walieleza mwaka 2019 kwamba mabadiliko ya uzee huja kwa mawimbi, yakipanda karibu na umri wa miaka 34, 60 na 78. Mei 2025, Marekani iliruhusu kipimo cha damu kinacholinganisha aina moja ya tau na amiloidi beta, kwa wenye miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili za ugonjwa wa Alzheimer. Sharti hilo la dalili lina maana, kwa kuwa wapo wazee wenye mabonge ubongoni ambao hawakupoteza kumbukumbu hadi kufa kwao. Tena figo zikidhoofika, tau hupanda katika damu pasipo ubongo kuhusika, ndiyo maana daktari makini husoma kwanza majibu ya figo.