Mkukusu Mrefu wa Kilimanjaro
Katika bonde la Mrusungu, ndani ya msitu wa mvua wa Kilimanjaro, mtembeaji hukuta mikukusu, yaani miti mikubwa ya jamii ya mkangazi, ambayo mbegu zake zina bawa moja jembamba linaloziwezesha kupeperushwa na upepo. Mmojawapo ulipimwa kwa kifaa cha leza na mtafiti Andreas Hemp na wenzake, waliotangaza mwaka 2016 kuwa una kimo cha mita 81.5, kisichopata kurekodiwa kwa mti wa asili wa Afrika, na umri unaokadiriwa kuwa miaka 500 hadi 600. Udongo wa volkano, joto na mvua nyingi vyaeleza kimo hicho. La ajabu zaidi ni kwamba mlima unaopandwa na maelfu ya watu kila mwaka uliuficha mti huo muda wote huo.