Mwanamume wa Malkia Inhyeon: ugomvi wa kweli nyuma ya tamthilia ya hirizi

Mwanamume wa Malkia Inhyeon ni tamthilia ya mapenzi na vichekesho iliyorushwa na stesheni ya tvN ya Korea Kusini kuanzia Aprili 18 hadi Juni 7, 2012, kwa vipindi 16. Mwongozaji ni Kim Byung-soo. Waandishi ni Song Jae-jung na Kim Yoon-joo. Mhusika mkuu, Kim Bung-do, anayeigizwa na Ji Hyun-woo, ni msomi kijana na afisa wa serikali ya Joseon mwaka 1694. Jamaa zake waliangamizwa miaka mitano kabla katika mvutano wa ikulu, akasalia yeye. Siku adui zake wanapotaka kummaliza, hirizi aliyopewa na Yun-wol, mwanamke anayehofia maisha ya Bung-do, inamwondoa mbele ya upanga na kumtua Seoul ya mwaka 2012. Huko anakutana na Choi Hee-jin (Yoo In-na), mwigizaji asiye na jina kubwa ambaye ndiyo kwanza amepata nafasi ya kuigiza Malkia Inhyeon katika tamthilia ya kihistoria. Mtu anayehatarisha roho yake kwa ajili ya malkia wa kweli anamkuta mwanamke aliyevaa mavazi ya malkia huyohuyo, mbele ya kamera.

Mtazamaji wa Korea anaketi kutazama kisa hiki akiwa na akiba. Ugomvi wa mwaka 1694 ameusoma shuleni, na ameuona kwenye runinga tangu utoto. Asiyeujua huona hirizi na mapenzi, na nusu ya utamu humpita.

Mfalme wa wakati huo alikuwa Sukjong, aliyetawala kuanzia 1674 hadi 1720. Mkewe wa kwanza alifariki kwa ndui mwaka 1680, na mwaka uliofuata mfalme akaozwa binti wa ukoo wa Min, aliyezaliwa 1667, ambaye historia inamjua kwa jina la Inhyeon. Ilikuwa ndoa ya siasa. Watumishi wakuu wa Joseon waligawanyika katika makundi ya wasomi yaliyorithishana uadui baba kwa mwana, na mawili yaliyotamba enzi hizo yalikuwa Seoin, Watu wa Magharibi, na Namin, Watu wa Kusini. Baba wa malkia alikuwa Seoin. Malkia mwenyewe hakujaliwa mtoto. Mfalme naye alikuwa amemzamia Jang Ok-jeong, mwanamke wa ikulu aliyetoka katika ukoo wa wakalimani, tabaka ambalo hata likitajirika halikuhesabiwa miongoni mwa makabaila. Namin waliona kwake mlango wa kurudia madarakani, wakamwunga mkono.

Mwaka 1688 Jang alijifungua mtoto wa kiume, na mfalme, asiyekuwa na mrithi mwingine, akafanya haraka kumtangaza kuwa mrithi mwanzoni mwa 1689. Song Si-yeol, mwanazuoni mkuu wa Seoin aliyekwisha kutimiza miaka 80, aliandika kupinga haraka hiyo. Alihamishiwa kisiwa cha Jeju, kisha akanyweshwa sumu. Seoin wakafagiliwa, wengine kwa kifo na wengine kwa uhamisho. Inhyeon akavuliwa umalkia na kurudishwa kwao kama raia wa kawaida. Jang, aliyekuwa suria, akawa malkia. Haya ndiyo maangamizi yanayoumaliza ukoo wa Kim Bung-do wa tamthilia.

Miaka mitano baadaye upepo ukageuka. Vijana wa Seoin walikuwa wakipanga kwa siri kumrudisha malkia. Min Am, kiongozi wa Namin, aliponusa mpango huo alitaka kuutumia kuwamaliza wapinzani wake moja kwa moja. Badala yake Sukjong akawageukia Namin wenyewe: akawafuta kazi kwa mkupuo, Min Am akahukumiwa kunywa sumu, Inhyeon akarudishwa kitini, na Jang akashushwa hadi cheo cha suria kiitwacho hui-bin. Namin hawakuinuka tena. Ni rahisi kumwona Sukjong kama mwanamume aliyeyumbishwa na wake wawili, na tamthilia nyingi zimemwonyesha hivyo, lakini mambo aliyoyafanya yanaeleza mtu mwingine. Mwaka 1680, 1689 na 1694 alibadili serikali nzima kwa ghafla, na kila mara kundi lililokuwa limenenepa mno ndilo lililoanguka. Mapenzi yake na siasa yake vilitembea njia moja.

Inhyeon hakuishi sana baada ya kurudishwa. Alifariki mwaka 1701 akiwa na miaka 34. Jang akashtakiwa kwamba aliwatumia waganga kumloga, akanyweshwa sumu mwaka huohuo, na Sukjong akapiga marufuku suria yeyote kupandishwa kuwa malkia. Mfalme alizikwa kando ya Inhyeon huko Seooreung, nje kidogo ya Seoul. Mwaka 1969 kaburi la Jang nalo lilihamishiwa kwenye viwanja hivyohivyo, kwa hiyo leo watatu hao wako mahali pamoja.

Sura ya Inhyeon kama malkia mpole aliyeonewa imetokana kwa sehemu kubwa na washindi. Walioandika habari zake baada ya 1694 walikuwa upande wake. Kuna simulizi ya kale ya ikulu, Hadithi ya Malkia Inhyeon, inayomsifu kwa subira. Kabla ya hapo, Kim Man-jung, mwandishi wa Seoin aliyefia uhamishoni mwaka 1692, alitunga riwaya kuhusu mume anayemfukuza mke mwema kwa hila za suria, kisha anajuta na kumrudisha. Tangu zamani imesomwa kama kijembe kwa mfalme. Mjukuu wa kaka yake, Kim Chun-taek, ndiye aliyeitafsiri riwaya hiyo kwa Kichina cha kale, na ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa waliopanga njama za kumrudisha malkia mwaka 1694. Kijana msomi, mwenye akili nyingi, wa jamii iliyojeruhiwa na Namin: Kim Bung-do ni mtu wa kubuni, lakini anafanana mno na Kim Chun-taek.

Jang naye alipata maisha marefu kwenye skrini. Kila kizazi cha Korea kimekuwa na Jang Hui-bin wake. Youn Yuh-jung, aliyeshinda Oscar mwaka 2021, alimwigiza mwaka 1971. Kim Hye-soo alimwigiza mwaka 2002. Lee So-yeon akafuata mwaka 2010 katika Dong Yi, iliyomweka katikati mwanamke mwingine wa Sukjong, mama wa mfalme Yeongjo. Nafasi ya Jang humpa mwigizaji sifa, wakati Inhyeon kazi yake ni kuvumilia na kulia. Waandishi wa tamthilia hii wamelitumia jambo hilo kwa ustadi. Hee-jin anaigiza katika tamthilia iitwayo Jang Hui-bin Mpya, ambamo yeye ndiye Inhyeon, na Sukjong anaigizwa na Han Dong-min, mpenzi wake wa zamani asiyeisha majivuno. Pembetatu ya mwaka 1694 inajirudia nyuma ya kamera, lakini safari hii Inhyeon ni msichana mchangamfu, mropokaji, anayetaka jina na hataki kuonewa.

Nguzo nyingine ya kisa ni maandishi. Ufalme wa Joseon uliweka kumbukumbu ambazo dunia ina chache za kulinganishwa nazo. Wanahistoria wa ikulu walimfuata mfalme na kuandika asemayo na atendayo. Mfalme hakuruhusiwa kusoma walichoandika, na kitabu cha utawala wake kilikusanywa baada ya kufa kwake. Mwaka 1404 mfalme Taejong alianguka kutoka kwenye farasi akiwinda, akaagiza mwanahistoria asijue. Mwanahistoria alijua, akaandika anguko na agizo vyote viwili. Kumbukumbu hizo, zinazochukua miaka 472 tangu 1392, ziliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na leo zinasomwa bure kwenye intaneti. Bung-do, msomi hata akiwa ugenini, hakawii kutafuta vitabu ili asome yaliyompata yeye na adui zake. Anarudi 1694 akijua nani atamsaliti, anatenda vingine, na alichokibadilisha kinajitokeza katika historia ambayo Hee-jin anaisoma 2012.

Hapo ndipo vichekesho vya tamthilia hii vinapotofautiana na vya wenzake. Rooftop Prince ya SBS, iliyorushwa miezi hiyohiyo ya 2012, inamleta mwana wa mfalme na watumishi wake Seoul na kuchekesha kwa ushamba wao. Bung-do haonekani mshamba kwa muda mrefu. Anatazama, anauliza, anajifunza. Hee-jin anambusu na kumwambia kwamba ndivyo watu wa sasa wanavyoagana. Baadaye, akiwa amekwisha kuujua ukweli, Bung-do anambusu yeye na kudai anafuata desturi ya nchi. Akiwa mhamishwa kule Jeju mwaka 1694, anavuka hadi 2012, anapanda ndege hadi Seoul, kisha anarudi karne yake akiwa jiji kuu, mahali ambapo hakuna awezaye kuamini kwamba angefika kwa muda huo. Hirizi ina gharama pia. Ikiharibika, njia inafungwa na kumbukumbu za Hee-jin zinaanza kupotea, na vipindi vya mwisho vinaumiza kwa sababu sheria hiyo imewekwa mapema na inafuatwa bila huruma.

Mwaka 2012 ulikuwa msimu wa wasafiri wa wakati katika runinga ya Korea. Mbali na hizo mbili, MBC ilimpeleka daktari wa upasuaji Joseon katika Dr. Jin, na SBS ikampeleka mwingine enzi ya Goryeo katika Faith. Stesheni hizo kubwa zilikuwa na fedha na majina. tvN ilikuwa stesheni ya kebo iliyoanza mwaka 2006, yenye watazamaji wachache zaidi, na Song Jae-jung alikuwa ametokea kwenye vichekesho vifupi vya kila siku, mojawapo High Kick iliyopendwa sana. Mkono huo unaonekana katika majibizano ya Hee-jin na meneja wake. Baada ya kipindi cha mwisho Ji Hyun-woo alimtangazia Yoo In-na mapenzi hadharani mbele ya mashabiki, na kwa takriban miaka miwili walikuwa wapenzi. Mwaka 2013 Kim Byung-soo na Song Jae-jung waliungana tena tvN katika Nine, ambamo vijiti tisa vya ubani vinamrudisha mtu miaka 20 nyuma, na humo vichekesho vimepungua na gharama ya kuigusa historia imekuwa kubwa zaidi.