Motokaa za Umeme: Mambo ya Betri

Leo twazungumzia motokaa za umeme. Mnunuzi huuliza kwanza, "Yafika wapi?" Jibu limo katika betri.

Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, waliunda Kiira EV, gari la watu wawili lililoweza kwenda kilomita 80 hivi. Ukiondoka Kasulu nalo, Kibondo huioni. Basi, mbona hawakutia betri kubwa zaidi? Betri ndiyo kitu cha bei kuliko vyote garini, tena ni nzito. Ukiongeza betri umeongeza mzigo, na mzigo nao hula umeme. Katika gari lao la mwaka 2014 walitia na injini ya petroli, ya kuchaji betri njiani.

Wachina wa BYD walishika njia nyingine: betri ya chuma na fosfeti. Haina nikeli wala kobalti, ile ichimbwayo Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo bei yake ni nafuu. Lakini kwa uzito ule ule huweka umeme kidogo kuliko betri ya nikeli.

Na milima yetu je? Kupanda hula umeme mwingi. Kuteremka, mota hugeuka dainamo na kurudisha sehemu tu. Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha yako ya maharagwe, muuzaji akikutajia kilomita 400 mwulize: zilipimwa barabara gani, kwa mzigo gani, na betri ikichoka nyingine ni shilingi ngapi?