Pembea ya Mtoto: Hatari Iko Chini, Si Juu

Sikukuu ikikaribia, sisi mababu tulioko huku Ghuba huwafungia wajukuu pembea uani, kama tulivyofungiwa sisi mwembeni kule nyumbani. Mjukuu wangu, mwenye kilo 20, aliniuliza: "Babu, nikifika juu kamba haitakatika?" Nikamjibu, "Chini ndiko kwa kuogopwa, mwanangu." Sababu ni hii.

Chukua pembea ya kamba za mita 2. Ukimvuta mtoto nyuma hadi apande nusu mita, umempa nishati ya kimo. Ukimwachia, kimo kinapungua na kasi inaongezeka: nishati ile ile inageuka kuwa ya mwendo. Akifika chini kabisa anakwenda mita 3 na ushei kwa sekunde. Akipanda upande wa pili, mwendo unarudi kuwa kimo. Hewa na msuguano hula kidogo kila safari, ndiyo maana pembea isiyosukumwa mwishowe hutulia.

Mchapuko, yaani kubadilika kwa mwendo, una hesabu yake. Wengi hudhani kwamba pale juu, pembea inaposimama kitambo, mchapuko ni sufuri. Sivyo. Kasi ndiyo sufuri. Mchapuko nao ungekuwa sufuri, mtoto angebaki ananing'inia hapo hapo. Kumbe hapo ndipo anapovutwa zaidi kurudi: kasi yake huanza kukua kwa kiasi cha mita 6.5 kwa sekunde, kila sekunde. Akifika chini, kasi imefika kileleni, haiongezeki tena. Lakini njia yake inapinda, na kupinda huko kunataka mchapuko wa kwenda juu, sawa na nusu ya mvuto wa ardhi.

Mchapuko huo unatolewa na kamba. Kule juu kamba zote mbili hubeba kama kilo 15 tu. Chini hubeba kilo 30. Na mtoto akipaa hadi kamba zikalala sambamba na ardhi, akirudi chini zitabeba kilo 60, mara tatu ya uzito wake.

Basi usiipime pembea kwa kumkalisha mtoto akiwa ametulia. Kagua ndoano na mafundo, na kamba ya nailoni iliyopigwa na jua la huku mwaka mzima ibadilishe. Kisha akae mtu mzima kwanza, abembee taratibu. Kwangu hukaa mimi. Wajukuu hucheka, na wacheke.